Kilomita Mbili Zisizo Zangu

Ndugu zangu wa benchi la fundi Hamadi, Nyamirambo,

Nimerudi nikakuta habari zangu zimenitangulia kufika kwenu, tena zimepinda. Siku nilipopita hapo dukani, Hamadi aliacha cherehani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akayatazama magoti yangu, kisha akasema, "Alhamdulillahi, Mzee Laurent, tumesikia umepona." Nikamuuliza nimepona nini. Akajibu kwamba hilo hakuambiwa, ila aliyemweleza alikuwa na hakika kabisa.

Nilitunza majalada ya serikali kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo wote sikukubali hata mara moja jalada lifungwe likiwa na kosa ndani yake. Sioni sababu ya kuanza kulegeza kamba sasa, na jalada lenyewe likiwa langu. Mliniomba niwaeleze yaliyonipata njiani kati ya Gahanga na Huye. Nayaeleza hapa, hatua kwa hatua, pamoja na yale ambayo hayanipendezi. Watu wengi wa njiani walizungumza nami kwa Kinyarwanda. Maneno yao nimeyaandika kwa Kiswahili bila kuyapamba.

Kwa wale ambao hawajakiona chombo chenyewe, baiskeli yangu ni ya kulala. Ina magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Mwendeshaji hukaa chini karibu na lami, mgongo umeegemea kiti kirefu cha turubai alichokishona Hamadi mwenyewe, na miguu imenyooshwa mbele kwenye pedali. Niliipata kwa jirani yangu mmoja mhandisi alipohama nchi. Anayeiona kwa mara ya kwanza huona mtu aliyelala barabarani huku safari yake ikiendelea.

Mnajua pia, ingawa kwa adabu hamkuwahi kulisema, jinsi nilivyouishi mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu. Niliuishi kitini, sebuleni. Magoti yalikuwa yakiniuma, lakini si magoti yaliyonikalisha. Hakukuwa na siku yoyote iliyokuwa ikiningoja. Mke wangu, Mama Kezia, alianza kuzungumza kwa sauti ya chini nikiwa karibu, kama watu wanavyozungumza katika chumba cha mgonjwa. Kilichoniinua ni mashindano ya kila mwezi ya kundi letu la waendesha baiskeli. Kila tarehe mosi, katibu wetu, binti mmoja mhasibu aitwaye Solange, hututumia shindano la mwezi huo. Mwezi mmoja alitutaka tutoke mara kumi kabla jua halijachomoza. Mwezi mwingine tuzizunguke tarafa zote za Kicukiro. Anayekamilisha miezi kumi na miwili mfululizo hupewa kitambaa cha kushona kwenye koti, na anayekosa mmoja huanza tena kuhesabu moja.

Nilikuwa nimekamilisha kumi na mmoja. Shindano la kumi na mbili lilisema hivi: ufike mji ambao hujawahi kuufikia kwa miguu yako, katika siku tatu za mwisho za mwezi, bila kusukumwa, kuvutwa wala kubebwa, hata mita moja. Sharti hilo liliwekwa kwa sababu ya vijana wetu wanaoshika mikia ya malori wakati wa kupanda vilima. Niliona ni sharti la haki. Nilichagua Huye.

Kitambaa hakikuninyima usingizi. Niliogopa kwamba mfululizo ukikatika nitarudi kwenye kile kiti, na kwamba mara hii sitainuka.

Gahanga hadi Nyabugogo

Niliondoka Ijumaa alfajiri. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde ya upande wa Bugesera, na nyumba mpya za Gahanga zilichomoza juu yake kwa mabati tu, kama kwamba hazikuwa na kuta. Mama Kezia alinifunga kitambaa shingoni, akaniambia nisibishane na kila mtu. Nilimwambia sitabishana na yeyote aliye sahihi.

Mtu anayekaa wima juu ya baiskeli huitazama barabara. Mimi huitazama mbingu. Waya za umeme hupita juu yangu polepole, matawi hunifunika na kunifunua, na ndege mmoja huweza kuwa mwenzangu kwa muda mrefu bila yeye kujua. Magari huwa ni sauti inayokuja, inayopanuka, halafu inayokwisha. Nilishuka Kicukiro nikiwa katika hali hiyo, nusu mtu na nusu wingu, mpaka mwenye pikipiki mmoja alipofika kando yangu kwenye taa za barabarani, akainama na kunigongea kidogo kofia ya chuma.

"Muzee! Amka, umefika!"

Abiria wake alicheka hadi akakaribia kuanguka. Niliwajibu kwamba niko macho, kwamba taa ingali nyekundu, na kwamba gurudumu lake la mbele limevuka mstari mweupe. Aliutazama mstari, akarudi nyuma. Hilo nalitaja kwa sababu ni haki yake kutajwa.

Nilipanda hadi Muhima, maduka yakifunguliwa na watu wakimwagia maji vizingiti vyao, kisha nikateremka Nyabugogo. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kusimama ninywe maji. Wapiga debe wawili wa mabasi walinifikia kabla sijafunga chupa.

"Muzee, Huye? Huye iko hapa, inaondoka sasa hivi."

"Naenda Huye," nilijibu, kwa kuwa sisemi uongo.

Hawakungoja neno la pili. Mmoja alishika gurudumu la kushoto na mwenzake la kulia, wakaninyanyua juu ya lami nikiwa ndani, wakaanza kunipeleka kwenye mlango wa basi kwa uangalifu mkubwa, wakiwaamuru watu wapishe mgonjwa. Nilikuwa sijavuka hata daraja la Nyabarongo, na tayari nilikuwa nabebwa.

"Niwekeni chini!" nilisema. "Nimekwisha panda chombo changu!"

"Pole, muzee, usiogope. Ya kwako tutaweka juu."

"Hii ndiyo yangu! Ina pedali!"

Walinitua. Waliziona pedali, wakatazamana. Aliyekuwa kulia akauliza kwa upole kama kweli nakusudia kufika Huye nimelala. Niliwaonyesha mahali waliponinyanyulia, nikarudi hapo hatua kwa hatua, nikaanza tena kutoka hapo hapo. Waliniangalia nikipita mbele yao kwa mara ya pili.

Nyabarongo hadi Muhanga

Mto ulikuwa umejaa, mwekundu kama udongo wa tofali, ukienda kwa namna ambayo huwezi kujua kama unatembea wewe au daraja. Baada ya daraja barabara huanza kupanda kuelekea Kamonyi na haioni sababu ya kuacha. Nilitia gia ndogo kabisa. Kwa gia hiyo mtu anayetembea kwa miguu hunipita, na walionipita walinisalimia, tukaulizana habari za nyumbani, wakaniaga, wakapotea kwenye kona. Mikaratusi ilisimama pande zote mbili na vilele vyake vilikutana juu yangu. Nilisahau miguu yangu. Iliendelea bila mimi, kama mashine ya mtu mwingine.

Ndiyo sababu sikutambua mara moja kwamba kilima kimekuwa chepesi. Nilidhani nimepata nguvu mpya. Nilizitazama pedali na kuona zinanizungusha mimi, wala si mimi ninayezizungusha. Nikageuza shingo. Wanawake wawili wenye vikapu vya viazi vitamu kichwani walikuwa nyuma yangu, kila mmoja ameweka mkono mmoja kwenye kiti, wakisukuma huku wakizungumza habari ya harusi ya mtu.

Nikafunga breki. Vikapu viliyumba, havikuanguka.

"Mama zangu, mnafanya nini?"

"Tunakusaidia, mzee. Unakwenda Ruhango kwenye maombi?"

Kwa asiyefahamu, Ruhango pana mahali wanapokwenda wagonjwa wengi kuombewa, na barabara hii hupitisha kila aina ya vilema na vitanda. Niliwaeleza kwamba mimi ni mzima, kwamba niko kwenye shindano, na kwamba ninatakiwa kupanda kwa nguvu zangu peke yangu.

"Anayekutaka hivyo ni nani?" aliuliza mkubwa wao. "Hana wazazi?"

"Mmenisukuma tangu wapi?"

Walinyoosha midomo kuonyesha chini kabisa, kwenye kibanda cha mkaa. Nikageuza chombo. Waliponiona nikishuka kilima chote nilichokwisha kupanda, walilia kwa huruma ya kweli, na yule mdogo aliniita nirudi, akisema kuwa kama ni kosa lao wako tayari kuomba radhi. Nilifika kwenye kibanda cha mkaa, nikagusa ukuta wake ili kusiwe na shaka, nikapanda upya. Niliwakuta bado wamekaa pale pale, vikapu chini, wananingoja. Walinipa kiazi cha kuchemsha. Walinitazama nikikila kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua lugha.

Nilifika Muhanga jua likiwa limeegemea vilima. Nililala usingizi ambao ndani yake mikaratusi iliendelea kupita.

Muhanga hadi Ruhango

Siku ya pili ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yaani siku ya umuganda, ambapo kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi kila mtu huacha shughuli zake kufanya kazi ya pamoja. Sijawahi kukosa umuganda tangu niliporudi nchini kutoka Bukoba nilikokulia. Nilikuwa nimepanga kufika Ruhango saa mbili kamili na kushiriki hapo kama mkazi yeyote. Nilifika saa mbili kasoro dakika nne. Watu walikuwa wametawanyika kandokando ya barabara wakizibua mtaro, na mkuu wa kijiji, mama mmoja mwenye viatu vya mpira, alinyoosha mkono kunisimamisha. Kisha aliniangalia vizuri, akaushusha.

"Mzee, wewe pita tu. Wagonjwa wa maombi tumewaruhusu."

"Mimi si mgonjwa. Naomba jembe."

"Pole sana, mzee. Kaa pale kivulini, tutakuletea uji."

"Nimesema naomba jembe."

"Mpeni mzee uji!"

Ndugu zangu, nimeshughulika na mawaziri waliokuwa wakaidi kuliko huyo mama, lakini hakuna aliyewahi kuniagizia uji. Hasira ilinipanda. Nilifungua viatu vyangu kwenye pedali, nikaweka mikono juu ya magurudumu, nikasimama.

Majembe yote yalinyamaza. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba karai la udongo aliliachia, udongo ukamwagika mtaroni ulikotoka. Niliweza kusikia redio ndani ya nyumba ya ng'ambo.

"Ameinuka," mtu alisema.

"Ameinuka hata kabla hajafika!"

Hapo vigelegele vilianza. Nilipaza sauti kukanusha, na kadiri nilivyokanusha ndivyo walivyofurahi. Nikamnyang'anya kijana wa watu jembe lake na kuingia mtaroni, kwa imani kwamba kazi itanitetea. Nililima kwa ghadhabu. Kila nilipoinua jembe, vigelegele viliongezeka, na mzee mmoja mwenye kofia ya pama akawa ananihesabia mapigo.

Kazi ilipokwisha, tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano wa kawaida. Walipofika kwenye mengineyo niliomba nafasi. Nilieleza mambo matatu: kwamba sikuwa mgonjwa, kwamba kwa hiyo sikupona, kwamba chombo kile ni baiskeli. Nilipigiwa makofi.

"Na huo ugonjwa ulikuwa umekaa nao muda gani?" aliuliza yule mzee wa pama.

"Sikuwa nao."

"Mnaona? Hata kuukumbuka haukumbuki!"

Mkuu wa kijiji alinishukuru kwa ushuhuda wangu, akafunga mkutano. Katibu wake, kijana nadhifu, aliandika. Niliomba nione alichoandika. Aliniambia kwa heshima zote kwamba daftari ni la kijiji.

Aliyenialika chakula ni yule mwanamke wa karai. Jina lake ni Veneranda, muuza unga wa muhogo, mtu wa makamo mwenye sauti nzito na macho yasiyo na haraka. Alitandika mkeka nyuma ya duka lake, akaleta ugali wa muhogo mweupe na laini ambao Ruhango husifika kwa ajili yake, pamoja na kisamvu kilichotiwa siagi ya ng'ombe. Kila kitu hapo kilikuwa na unga mweupe juu yake, majani ya migomba, kuku, nyusi za Veneranda mwenyewe, na jua la mchana lilipita ndani ya vumbi hilo kana kwamba tumekaa ndani ya wingu. Nilirudia maelezo yangu kwake, kwa utulivu zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama huumwi, mbona umelala?"

"Baiskeli ndivyo ilivyotengenezwa."

"Sawa. Na nyumbani, kabla hujaipata, ulikuwa unainuka?"

Nilimega ugali. Nilikuwa na jibu la haraka, lakini halikuwa sahihi.

"Nilikuwa nakaa," nilisema.

"Muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Mke wako alikuwa anakuletea chakula hapo hapo?"

"Ndiyo."

"Basi," Veneranda alisema, akanisogezea kisamvu.

Nilichovya tonge, nikala. Nilisikia baadaye kwamba kabla sijavuka kona ya kwanza alikuwa amekwisha mpigia simu dada yake.

Ruhango hadi Nyanza

Kuhusu hatua hii sina mengi. Barabara ilikuwa nzuri, upepo ulikuwa mgongoni, na maneno ya Veneranda yalikuwa yamelala pamoja nami kitini. Nyanza nilikunywa maziwa ya mgando kwenye duka ambalo wateja wote walikuwa kimya, kila mmoja na bilauri yake ndefu, kama watu waliomo ibadani. Muuzaji aliniuliza kama ni mimi. Nilimwambia kwamba ni mimi lakini si yule anayemdhania. Akanijazia bilauri mara ya pili.

Nyanza hadi Rwabuye

Jumapili, siku ya mwisho ya mwezi. Kwa hesabu zangu ningefika Huye saa nane mchana. Kengele za makanisa zilikuwa zikijibizana kutoka kilima hadi kilima, na watu waliovaa nguo safi walishuka vijia vya pande zote kama maji ya rangi yanayotafuta mto. Nilipita katikati yao nikiwa chini, nikiona zaidi viatu na mapindo ya vitenge. Ilikuwa asubuhi ambayo mtu angetamani ipitishwe mara mbili.

Cheni ilikatika saa nne na robo.

Baiskeli ya kulala ina cheni ndefu mno, kwa sababu pedali ziko mbele ya miguu na gurudumu linalozungushwa liko nyuma ya mgongo. Niliusukuma mzigo huo kwa miguu yangu mwenyewe hadi kwa fundi wa baiskeli wa kituo kilichofuata. Kwa mujibu wa sharti, mwenye chombo kukisukuma akiwa kando yake kunaruhusiwa iwapo kimeharibika. Nilikuwa nimehakikisha kabla ya safari. Fundi alikuwa kanisani. Alirudi saa saba, amevaa suti ya kahawia, akavua koti, akaiokota cheni na kuinyoosha chini. Ilikwenda, ikakwenda, ikapita mlango wake.

"Muzee," alisema kwa Kiswahili alichokiokota Bujumbura, "hii cheni iko ya baiskeli ngapi?"

"Moja."

"Hapana. Hii iko ya baiskeli tatu. Mbili nyingine uliacha wapi?"

Alipiga simu. Watu walikuja kuitazama ikiwa imelazwa pale mavumbini, wakaivuka kwa adabu kama mtu anavyomvuka nyoka asiyejulikana jina. Pini zake zilikuwa nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, na fundi alizisaga za kwake moja baada ya nyingine kwenye jiwe, bila haraka, akisimulia mahubiri ya asubuhi. Sikumkemea. Alikuwa akifanya kazi sawasawa, na mtu anayefanya kazi sawasawa hakemewi. Nilikaa nikitazama kivuli cha mlingoti wa simu kikitembea juu ya barabara. Kilipofika ng'ambo, ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

Kutoka hapo nilikwenda kama sijawahi kwenda. Kila mteremko niliuachia wote. Mbingu ilikuwa inabadilika rangi pembeni, mpunga ulikuwa umejaa bondeni, na hewa ilinipita masikioni ikiimba kwa sauti moja. Sheria hairuhusu baiskeli kuwa barabarani giza likiingia, nami sikuwa na nia ya kuivunja. Nilifika Rwabuye, chini ya kilima cha mwisho kabla ya mji wa Huye, nikiwa na kama nusu saa ya mwanga. Kilima kile kina urefu wa kilomita mbili. Kwa mwendo wangu wa kawaida nilihitaji zaidi ya dakika arobaini.

Kilima cha Rwabuye

Nilitia gia ndogo. Miguu ilikuwa ikitetemeka. Nilikuwa nimepanda mita chache nilipowaona wanakwaya, wanawake na wanaume wapatao ishirini, wamevaa vitenge vya samawati, wametoka kwenye ibada ya jioni. Aliyetangulia alikuwa na sauti nzito na macho yasiyo na haraka, nikamjua ni dada wa nani kabla hajafungua kinywa.

"Ni yeye!" alisema. "Mzee wa Ruhango!"

"Mama, naomba unisikilize. Sikuwa mgonjwa."

"Dada ameniambia. Amesema ulikaa mwaka mzima, ukainuka."

Hilo, ndugu zangu, sikuweza kulikanusha. Nilitafuta kosa ndani yake nisilione.

Walinizunguka. Mikono ilishika kiti, fremu, hata magurudumu, na mtu mmoja akaanzisha wimbo. Breki zote mbili zilikuwa mkononi mwangu. Huko Kamonyi nilizifunga bila kufikiri. Rwabuye vidole vyangu vilikuwa juu yake, navihisi mpaka sasa, na sikuvikunja.

Nilikwenda juu. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hivyo. Mbingu ilikuwa ya waridi, na kuizunguka pande zote kulikuwa na nyuso zilizogeuzwa juu chini, zikiimba, na videvu vyao vikipanda na kushuka. Pedali zilizunguka zenyewe, nami niliiacha miguu yangu ipelekwe. Wimbo ulikuwa na kiitikio kilichorudi kila walipovuta pumzi. Mahali fulani katikati nilifumba macho, na nilipoyafumba nilijiona nimekaa sebuleni kwangu, Mama Kezia amesimama mlangoni na sahani, akisita kuingia, na nilitamani kumwambia aniwekee mezani, nakuja. Tulipofika juu taa za mji zilikuwa zinawaka moja moja, na giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Waliniaga kila mmoja kwa mkono. Hakuna aliyeniomba ushuhuda.

Solange alipiga simu kabla sijavua kofia.

"Mzee Laurent! Ramani ya simu inaonyesha umefika! Kumi na mbili! Hongera!"

"Usiandike," nilimwambia. "Kilomita mbili za mwisho si zangu. Nilisukumwa."

"Na nani?"

"Kwaya."

Nadhani alikuwa anacheka mbali na simu.

"Mzee, walikusukuma bila ruhusa yako. Hilo tunaweza kulisamehe. Na kwanza nani atajua?"

"Watu ishirini wanajua. Na ruhusa niliitoa. Nilikuwa na breki."

"Basi rudi chini upande tena, bado ni tarehe ile ile mpaka saa sita."

"Giza limeingia. Baiskeli haziruhusiwi."

"Mzee wangu," alisema, na sasa hakuwa akicheka, "unajua unachokifanya? Miezi kumi na mmoja."

"Ninajua."

"Kuanzia kesho unahesabu moja."

Nilimwambia kwamba ndivyo kanuni inavyosema, na kwamba ni kanuni nzuri.

Huye, tarehe mosi

Niliamka mvua ikiwa inaondoka juu ya mabati. Nilibaki nimelala, nimetulia, nikiusikiliza mwili wangu kama mtu anavyosikiliza nyumba ya jirani kujua kama wako macho. Hofu niliyokuwa nayo mwezi mzima ilikuwa imekuja na kukaa ukingoni mwa kitanda. Hakukuwa na kitu cha kuniinua. Kumi na mmoja ilikuwa imefutika. Shindano jipya halikuwa limetumwa, kwa kuwa Solange hulituma mchana baada ya kazi zake. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, na hakuna mtu yeyote popote aliyekuwa ananingoja.

Chumba kilikuwa na kiti. Nilikiona.

Nilivaa viatu. Siwezi kuwaandikia sababu kwa kuwa sikuwa nayo, na sitaibuni ili ipendeze. Nilitoa chombo nje, nikaifuta mvua kwenye turubai, nikateremka kilima chote cha Rwabuye hadi chini, kwenye mashamba ya mpunga, ambapo ukungu ulikuwa bado haujaamua kuondoka. Nikageuza.

Dada yake Veneranda alikuwa anafungua duka lake. Alikuja barabarani, khanga imefungwa kiunoni, akanitazama nikitia gia ndogo na kuelekea kule kule nilikotoka.

"Mzee! Huko si ndiko tulikokupeleka jana?"

"Ndiko."

"Umesahau kitu?"

"Kilomita mbili."

Alifikiri. "Tukusukume?"

"Leo hapana, mama. Asante."

Hakurudi dukani. Naandika hapa kama nilivyoandika katika daftari langu nilipofika juu, kabla ya kuanza safari ya kurudi Gahanga: mwezi wa kwanza, kilima cha Rwabuye, kilomita mbili, miguu yangu, dakika arobaini na sita. Shahidi ni mwenye duka la chini, ambaye alitembea kando yangu njia yote bila kusema neno, mikono ameifumbata mgongoni.